Mbia Siku ya Mgao, Mgeni Siku ya Kifusi

Serikali yetu haijawahi kuwa na macho mabovu mbele ya dhahabu. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, kila punje inayofikishwa mezani inapimwa, inaandikwa na kukatwa: asilimia 6 ya mrabaha, asilimia 1 ya ada ya ukaguzi, na halmashauri nayo inanyoosha mkono kwa ushuru wake wa huduma. Jaribu kuivusha kimyakimya kupitia mpaka wa Sirari, utakutana na watu wanaolipwa mshahara kukusubiri. Sawa. Kodi ni haki ya nchi, na sijakaa hapa kuwatetea wakwepaji. Ninachouliza ni kimoja: katika makato yote hayo, ni senti ngapi zilizotengwa kwa ajili ya kijana aliyeshuka shimoni kuileta dhahabu hiyo, siku jabali litakapomwangukia kiunoni?

Hakuna. Hata moja.

Nazungumzia Tarime kwa sababu hapa unafiki huu umezungushiwa uzio, na kila mtu anauona akipita. Ndani ya uzio wa mgodi wa North Mara, pale Nyamongo, dhahabu inachimbwa kwa mitambo tangu mwaka 2002. Wenye mgodi wamebadilika mpaka wazee wamechoka kukariri majina: Afrika Mashariki, Placer Dome, Barrick, African Barrick, Acacia, halafu Barrick tena, safari hii Serikali ikiwa ndani na asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Sina nia ya kuupamba mgodi huo. Watu wasiopungua watano waliouawa kwa risasi mgodini hapo Mei 16, 2011 hawajasahaulika katika vijiji vya Nyangoto wala Kewanja, na hawapaswi kusahaulika.

Lakini ndani ya uzio ule, dereva wa lori akivunjika mguu, upo utaratibu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, unapokea kutoka kwa mwajiri nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi kitu. Akiumia, matibabu yake yanagharamiwa; akiwa kitandani anaendelea kupata asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24; ulemavu wake wa kudumu ukikadiriwa kupita asilimia 30, anapewa pensheni ya kila mwezi. Akifa, mjane na watoto wanajulikana, wana faili, wana namba.

Toka nje ya uzio. Mwamba ni uleule na dhahabu ni ileile. Wakati wa kiangazi vumbi linaloingia mapafuni ni lilelile pia. Apolo, kama anavyoitwa mchimbaji mdogo, anateremka duarani, yaani shimoni, kwa kamba na vitobo vilivyochongwa ukutani kwa ajili ya vidole vya miguu. Juu ya kichwa chake kuna matimba, magogo ya kushikilia mwamba, yaliyokatwa mlimani, na kama mwenye duara ni bahili yamepangwa mbalimbali ili yapungue gharama. Baruti ikilipuka anatakiwa asubiri moshi uishe, lakini aliyetoa mtaji yuko juu anatazama saa, kwa hiyo anarudi chini moshi ungalipo. Mawe yanapakiwa kwenye viroba, yanavutwa kwa roda, yanabebwa mgongoni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kule wengine wanaponda, wanachenjua na zebaki, wanaichoma kwenye kikaango wakiwa wameinamia moshi wake. Kijana huyu akivunjika, faili lake liko wapi? Namba yake ni ipi?

Msinijibu kwamba hajaajiriwa. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Njooni tutazame jinsi duara linavyoendeshwa. Juu kabisa yupo mwenye leseni, ambaye pengine hajashika sururu tangu azaliwe. Chini yake yupo mwenye duara, anayempa mwenye leseni sehemu ya mawe. Pembeni yupo mfadhili, anayetoa chakula, baruti, kamba, mafuta ya jenereta na pesa ya kuwatuliza wachimbaji. Yupo msimamizi, anayepanga nani ashuke zamu ipi. Chini kabisa, kwa maana zote mbili, wapo vijana wenyewe. Hawalipwi mshahara; wanalipwa mifuko. Mawe yakitoka yanagawanywa: ya leseni, ya duara, ya mfadhili ambaye kwanza anarudisha gharama zake, na inayobaki wanagawana waliotoa jasho. Zipo wiki wanazogawana vumbi.

Kwa mpango huo kila mtu anamwita apolo "mbia". Ni neno zuri, linampandisha hadhi. Mbia anachangia nguvu, mwenzake anachangia mtaji, wote wanasubiri bahati. Siku ya mgao ubia huo unaimbwa mpaka baa.

Halafu siku moja matimba yanaachia. Kijana anatolewa chini kwa kamba, miguu haina habari na kiuno. Hapo sasa mtafute mbia wake! Mwenye leseni anasema yeye alikubaliana na mwenye duara, hamjui kijana huyu hata kwa sura. Mwenye duara anasema wale si waajiriwa wake, ni wenzake, na mwenzako huwezi kumdai fidia. Mfadhili anasema yeye alikopesha pesa tu, tena hajarudishiwa. Msimamizi amezima simu. Ubia uliokuwa na watu watano jana, leo una mtu mmoja, amelazwa juu ya turubai nyuma ya bajaji, anapelekwa hospitali ya mji akishikiliwa na vijana wenzake ambao nao hawana kitu mfukoni.

Huu ni ujanja, na ujanja huu una umri. Kila mwenye mtaji duniani aliyetaka faida ya kazi bila mzigo wa mfanyakazi ameutumia. Kinachonikera mimi ni kwamba sheria ya Tanzania ilikwisha kuuziba, miaka zaidi ya 20 iliyopita, na hakuna anayeisoma ikifika Nyamongo. Fungueni Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata alama moja kati ya zilizotajwa. Namna anavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine? Msimamizi yupo. Saa zake zinapangwa na mwingine? Zamu zipo. Amepewa vifaa na mwingine? Kamba, nyundo na baruti ni vya mfadhili. Anamtegemea huyo mwingine kiuchumi? Muulizeni mama mwenye genge anayemkopesha chai. Amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Saa 45 apolo anazimaliza kabla juma halijaisha.

Alama moja ingetosha. Apolo anazo karibu zote.

Basi nani aliyeshindwa? Kijana wa darasa la saba hakushindwa. Yeye hajui kifungu cha 61, na hakuna aliyemwambia. Wameshindwa maofisa kazi wasiofika machimboni. Imeshindwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, yenye sheria yake ya mwaka 2003 inayotaka kila sehemu ya kazi isajiliwe na kukaguliwa, nayo inaonekana kwa urahisi kwenye viwanda vyenye geti na mhasibu kuliko kwenye kilima chenye mashimo. Imeshindwa Tume ya Madini, inayotoa leseni ya uchimbaji mdogo ya miaka saba bila kumuuliza mwombaji swali ambalo hata mwenye bodaboda anaulizwa: ukiua mtu, nani atalipa?

Nasikia jibu lao tayari. Wachimbaji hao wanavamia. Wanachimba kusikoruhusiwa. Wanakatazwa, hawasikii. Januari 2024, kule Bariadi mkoani Simiyu, wachimbaji 22 walifukiwa na kifusi, na maelezo ya viongozi yalikuwa hayo hayo: walishaambiwa wasichimbe pale. Naamini waliambiwa. Lakini katazo lisilo na mlinzi wala mkaguzi ni karatasi ya kujikinga siku ya mazishi. Na mnapowaita wavamizi, kumbukeni kwamba dhahabu ya wavamizi ikifika sokoni inakatwa mrabaha kama ya watakatifu. Hamuiulizi ilitoka shimo gani pale inapowaingizia. Mnaiuliza pale inapowagharimu.

Tena wizara yenyewe hutamba kwamba wachimbaji wadogo wanachangia karibu asilimia 40 ya makusanyo ya sekta. Mchango wa madini kwenye pato la taifa ulifika asilimia 10.1 mwaka 2024, tukapigiwa makofi kwa kuvuka lengo. Kaulimbiu ni "Madini ni Maisha na Utajiri". Utajiri nimeuona kwenye hotuba. Maisha ya nani?

Sitaki tuzungumzie kifusi peke yake, maana kifusi angalau kina kelele. Kinaleta mkuu wa mkoa, kinaleta kamera. Mwaka 2015 kule Nyangarata, Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, dunia nzima ikashangaa, nasi tukaita muujiza na kwenda zetu. Kuumia kwingi hakuji hivyo. Kunakuja kama maumivu ya kiuno ambayo Jumatatu yanavumilika, na baada ya misimu mitatu ya kubeba viroba mtu hawezi kuinama kufunga kiatu. Kunakuja kama ngiri. Kunakuja kama kipande cha jiwe kilichorukia jicho la mama anayeponda kokoto kwa nyundo kando ya barabara, naye akaendelea kuponda kwa jicho lililobaki kwa sababu ndoo haijajaa. Kunakuja kama kikohozi. Shirika la Kazi Duniani limekadiria kwamba kazi inaua watu karibu milioni 3 kila mwaka. Wanaokufa kwa ajali ni kama 330,000, wengine wote huuawa polepole na maradhi ya kazi. Na majeraha yasiyoua hufika milioni 395. Sisi tunahesabu vile vifo vilivyopigwa picha tu.

Na hapa niwaguse wafanyabiashara wa sokoni, wasidhani nimewasahau. Kila mwaka bungeni hulipuka hasira juu ya lumbesa, gunia lililovimba kichwa kama mjamzito wa mapacha. Vipimo vimetajwa, kilo 100 ndiyo mwisho, wanaozidisha watozwe faini. Hasira hiyo yote ni kwa niaba ya mkulima anayepunjwa, na ni haki yake. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akisimama kuuliza: gunia hilo la kilo 100, achilia mbali lumbesa, nani analibeba kutoka ghalani hadi kwenye lori? Kuli. Kwa kichwa na mabega, akipanda ubao mwembamba, kwa malipo ya kila gunia, pale Sirari ambako mahindi na maharage hupanda na kushuka magari mchana na usiku. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kipimo chetu halali kinakaribia mara mbili yake. Kwa hiyo hata mfanyabiashara akiitii sheria kikamilifu, mgongo wa kuli unavunjwa kihalali, na muhuri wa wakala wa vipimo upo juu ya gunia.

Kuna maneno mengine yanasemwa kwa kicheko, nayo ndiyo yanayonichoma zaidi. "Wakurya hao, wanaume wa shoka, hawasikii maumivu." Nimeyasikia kwa wageni, nimeyasikia kwa sisi wenyewe. Ni kweli kijana wetu hufundishwa kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na ukoo mzima ukamwimbia. Ile ni mila yetu, ina siku yake na maana yake. Haikuwekwa ili mwenye leseni aigeuze bima. Mura, kijana wa Kikurya, aliyenyamaza siku ya kutahiriwa hakuahidi kunyamaza siku mguu wake utakapokatwa kwa uzembe wa mtu mwingine. Na wazee wanaomwambia majeruhi "jikaze" wajiulize kama wanamlinda kijana wao au wanamlinda tajiri wa duara.

Maana tusidanganyane kwamba hakuna anayelipa. Fidia inalipwa Tarime, kila siku, tena taslimu. Mfuko wetu wa fidia una kwato. Kijana akivunjika, ng'ombe anatolewa zizini kwenda mnadani. Akihamishiwa Musoma, ng'ombe wa pili. Akipewa rufaa ya Bugando, Mwanza, wanauzwa wale waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya mahari ya kaka yake, au wale walioletwa kwa dada yake, na hapo ugomvi unahamia ukoo mwingine kabisa. Zizi likiisha, anarudishwa nyumbani kwa fundi wa mifupa, mguu unaunga ukiwa umepinda. Mke anaanza kuponda kokoto. Mtoto mkubwa anaacha shule, na mnajua anakokwenda: anakwenda kwenye duara. Hiyo ndiyo gharama ya uzalishaji ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha mfadhili, kwa kuwa imehamishiwa kwenye boma la mama mjane.

Na ajabu ya nchi hii ni kwamba aliyepigwa risasi kwenye kuta za mgodi mkubwa alipata angalau mtu wa kumsikiliza. Kesi ilifunguliwa London mwaka 2013, ikamalizwa kwa maridhiano mwaka 2015. Aliyeangukiwa na jabali hatua chache nje ya ukuta huo hana hata wakili wa Musoma. Mzungu akikuumiza, dunia inasikia. Akikuumiza mtu wa kijijini kwenu mwenye leseni na pikipiki mpya, unaambiwa mambo hayo myamalize kifamilia.

Msiniambie kwamba sheria haziwezi kubadilishwa haraka. Januari 2019 Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, wakamlalamikia kodi. Februari Bunge likafuta VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye dhahabu yao. Machi soko la kwanza likafunguliwa Geita. Miezi mitatu! Dhahabu ilikuwa inapotea, kwa hiyo dola ilikimbia. Linganisheni na sheria ya fidia: ile ya kikoloni ya mwaka 1949 tuliiacha itutawale zaidi ya miaka 50 baada ya Uhuru, ikifika mahali ambapo aliyepata ulemavu wa kudumu alistahili shilingi 108,000 na aliyekufa shilingi 83,000. Pesa hiyo hainunui hata ndama. Mpaka WCF ilipoanza mwaka 2015, ndiyo ilikuwa thamani yetu kwenye karatasi. Leo mwenye ajira rasmi ameokoka. Apolo hata hizo 108,000 hana wa kumdai.

Kinachotakiwa si kigumu. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo atamkwe kuwa mwajiri wa kila anayeshuka katika eneo lake, hata kama chini yake kuna wenye maduara kumi na wafadhili ishirini. Wao wagawane mzigo huo kama wanavyogawana mawe. Leseni isihuishwe bila daftari la majina. Halafu ichukuliwe robo tu ya ile asilimia 1 inayoitwa ada ya ukaguzi, iende WCF ikiwa na jina la wachimbaji wasio na mshahara. Kwa dhahabu ya shilingi milioni 100, ada hiyo ni milioni 1 na robo yake ni shilingi 250,000. Hazina haitaanguka. Mchimbaji hataongezewa makato. Mkato upo tayari; unabadilishwa njia.

Wataalamu watasema haiwezekani kumlipia bima mtu asiye na mwajiri mmoja. India iliwezekana. Mwaka 1969 jimbo la Maharashtra lilitunga sheria ya mahamali wa masoko na bandari za Mumbai, watu wanaobebea huyu asubuhi na yule jioni, likaunda bodi zinazokusanya tozo kwa wafanyabiashara na kuitumia kwa ustawi wao. Mwaka 1996 nchi nzima ikaweka tozo ya kati ya asilimia 1 na 2 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya vibarua wa ujenzi. Sheria hizo zina matundu yake, pesa nyingine zimelala bila kutumika, najua. Ila swali la nani atamlipia asiye na tajiri mmoja walilijibu: ulipie mzigo, lilipie jengo. Kwetu, ilipie dhahabu. Na kuli wa Sirari alipiwe na gunia, kwa kuwa ushuru wa gunia hilo halmashauri inaujua mpaka shilingi ya mwisho.

Bunge la bajeti linakuja, na Wizara ya Madini itasoma hotuba yake ndefu yenye grafu. Wabunge wa Tarime Mjini, Tarime Vijijini na Serengeti watasimama, watamshukuru Rais, wataomba barabara ya lami, wataomba gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa liombwe, litahitajika. Lakini mwaka huu waombe na hiyo robo, na wasikae chini mpaka Waziri aseme ndiyo au hapana, na kama ni hapana, aseme mbele ya nchi anaitaka ya nini.